Mandari na Jembe

Katika vitabu vya Kiingereza ambavyo wanafunzi wetu wamevisoma tangu zamani mna habari nyingi za likizo ya kiangazi. Jua huwaka baada ya miezi ya theluji, watu hutoka nyumbani mwao, hupalilia maua asubuhi, na alasiri hutandika nguo majanini wakala pamoja na rafiki zao. Mwanafunzi wa Nairobi asomapo habari hizo mwezi wa Agosti, naye amejikunyata ndani ya sweta kwa ajili ya baridi na manyunyu, ana haki ya kucheka. Kwake yeye likizo ya Agosti ni likizo ya baridi. Jua zuri huja Desemba mpaka Februari, na hesabu ya mwaka wake hufuata masika na vuli. Walakini mambo yenyewe, yaani kulima kidogo na kula pamoja nje ya nyumba siku ya mapumziko, si mageni kwetu hata kidogo. Waswahili wa pwani wana neno lao, mandari, nao tangu zamani wamekwenda mandari mashambani na ufukoni, wakichukua vyakula vyao na ngoma zao. Bara nako watu walikuwa na desturi iliyounganisha jembe na karamu, kama tutakavyoona.

Insha hii yataka kuifuata desturi hiyo katika mahali pawili ambapo mgeni hangetazamia kuikuta: Kibera na Kawangware. Wengi wasikiapo majina hayo huwaza mabati, matope na msongamano wa watu. Hayo yapo, wala hatuna haja ya kuyaficha. Lakini kabla ya mabati palikuwa na mashamba, na swali la nani apate mahali pa kupiga jembe, na nani apate kivuli cha kukalia siku ya Jumapili, lina historia ndefu katika mji huu.

Ajabu ni kwamba habari za mahali pawili hapa zamgusa mtu mmoja karibu na mwanzo wake. Mwezi wa Oktoba 1890, wakati Nairobi haijakuwako, Kapteni Frederick Lugard alifika Dagoretti kwa niaba ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, akapatana kwa amani na Waiyaki wa Hinga, akajenga ngome. Kilichomvuta kilikuwa chakula. Wakikuyu wa upande ule walikuwa na mashamba yaliyostawi, na misafara ya Kampuni iliyokuwa ikienda Uganda ilihitaji mahali pa kununua nafaka, maharagwe na viazi vitamu kabla ya kushuka Bonde la Ufa. Amani ile haikudumu. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa, akafa Kibwezi alipokuwa akipelekwa pwani. Lugard mwenyewe alikuwa amekwisha kwenda mbele. Mwaka 1891, huko Kavalli karibu na Ziwa Albert, aliwakuta askari wa Kisudani waliosalia katika jeshi la Emin Pasha, akawachukua pamoja na wake zao na watoto wao ili waitumikie Kampuni. Hao na vizazi vyao ndio walioitwa Wanubi. Waliasi Uganda mwaka 1897 kwa kuchoshwa na safari na ujira mdogo, wakashindwa, na jeshi lilipopangwa upya mwaka 1902 likapewa jina la King's African Rifles, ambalo wananchi waliliita Keya.

Basi kwa upande mmoja wa Nairobi tuna wakulima wa Dagoretti, na kwa upande mwingine tuna askari wasiokuwa na kwao pa kurudi. Kawangware ilikuwa sehemu ya nchi ya wakulima hao. Yasemwa kuwa jina lake latokana na neno la Kikuyu ngware, yaani kwale, na yamkini ni kweli, maana kwale ni ndege wa kingo za mashamba. Hupenda mahali palipolimwa na palipo na kichaka cha kukimbilia.

Huko ndiko tunakoikuta ile desturi niliyoitaja. Wakikuyu waliiita ngwatio. Mtu aliyekuwa na kazi kubwa shambani, ya kufyeka, kulima au kupalilia, aliwaalika jirani, marika na rafiki. Walifika mapema, wakaingia kazini kwa mstari mmoja huku wakiimba, na jua lilipopanda waliketi kivulini wakala na kunywa alichoandaa mwenyeji. Hapakuwa na mshahara. Palikuwa na deni la siku: leo wamelima kwako, kesho utalima kwao. Waluo walikuwa na saga yao, na katika sehemu nyingine watu walisema msaragambo. Mtaalamu wa uchumi angeiandika desturi hiyo katika daftari la kazi, na mshairi angeiandika katika daftari la furaha. Walioishi katika desturi hiyo hawakuona sababu ya kuzitenga hizo mbili, na mimi naona walikuwa na akili zaidi kuliko wale wanaodhani kwamba mtu hapumziki ila akikaa bure.

Sasa twende Kibera. Neno lenyewe ni la Kinubi, kibra, maana yake msitu. Tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20 askari wa Keya waliostaafu waliruhusiwa kukaa katika msitu ule kusini-magharibi ya mji, na mwaka 1918 Serikali ya kikoloni ilitangaza rasmi kuwa ekari 4,197 ni hifadhi ya jeshi. Askari aliyetumikia miaka kumi na miwili alipata hati iliyoitwa pasi ya shamba. Hati hiyo ilimpa ruhusa ya kujenga nyumba na kulima, basi. Haikumpa ardhi. Kosa la mambo yote yaliyofuata lilikuwa ndani ya karatasi ile ndogo, kwa kuwa mzee alipanda mwembe au mpera akijua kwamba hana uwezo wa kumrithisha mwanawe udongo uliouzunguka mti.

Hata hivyo walilima. Walipanda mahindi, maharagwe na mboga, wakafuga ng'ombe, na nyumba zao zilikaa mbalimbali, kila moja na kiwanja chake. Sikukuu za Idd zilikuwa mandari zao kubwa. Wanawake walivaa gurbaba zao, vyakula vilitolewa vimefunikwa kwa tabaga, vile vifuniko vya ukindu vilivyosukwa kwa rangi nyingi, na ngoma ya doluka ikachezwa. Tabaga zasukwa hata leo, nazo ni nzuri kiasi cha watu kuzitundika ukutani kama picha, ingawa kazi yake ya haki ni kuzuia nzi.

Mwaka 1928 jeshi liliikabidhi Kibera kwa watawala wa kiraia, na hapo mambo yakaanza kubadilika. Mji ulikuwa ukikua, na ardhi ya Kibera ilikuwa karibu mno na nyumba za Wazungu. Tume ya Ardhi ya mwaka 1932, iliyoongozwa na Sir Morris Carter, ilisikiliza habari za Wanubi. Jibu lake lilikuwa kwamba wao ni wapangaji kwa hisani ya Serikali, ingawa Serikali ina wajibu wa kuwatafutia pa kukaa. Hisani hailimiki.

Wakati huo huo pande zote za Kibera zilikuwa zikitengwa kwa starehe za watu wengine. Uwanja wa gofu ulioko mpakani mwake ulianzishwa mwaka 1906. Bustani ya miti ya Arboretum, kaskazini zaidi, ilianzishwa mwaka 1907, na shabaha yake ya kwanza haikuwa starehe: garimoshi zilikuwa zikila kuni, na Serikali ilitaka kujua ni miti gani ya kigeni ikuayo upesi. Uwanja wa mashindano ya farasi ulihamishiwa Barabara ya Ngong mwaka 1954. Mwaka 1953 Mto Motoine, ushukao kutoka upande wa Dagoretti na kupita Kibera, ulizuiwa ukingoni mwa Kibera ukafanywa bwawa. Bwawa hilo lilikusudiwa kuwapa watu wa mji maji, lakini sifa yake ilitokana na mashua za tanga. Jumamosi na Jumapili wenye nafasi waliteremka na motakaa zao, wakafungua vikapu vyao kando ya maji, wakatazama matanga meupe. Mtoto wa Kibera aliweza kuyatazama vilevile, kwa mbali. Uwanjani pa gofu aliingia, ila kwa kubeba mkoba wa mchezaji.

Na Kawangware? Mwanamume aliyetoka huko asubuhi kwenda Lavington au Kileleshwa alikwenda kutunza bustani. Jina la kazi yake lilikuwa shamba boi, jina ambalo lilimfanya mtoto mtu mwenye mvi. Alijua kupogoa waridi, kukata ua likawa sawa kama ukuta, na kunyunyizia majani maji wakati wa kiangazi. Jumamosi saa sita mchana alitoka, na kazi ya Jumamosi alasiri na Jumapili ilikuwa shamba lake mwenyewe au la mkewe: nduma bondeni, viazi vitamu na migomba mlimani. Tukisema kwamba mapumziko yake yalikuwa ya kulima hatusemi uwongo. Lakini tukumbuke pia kwamba sheria ndogo za mji zilikataza kilimo ndani ya mipaka, na mahindi yalifyekwa kwa hoja kwamba yaficha wezi na kuzalisha mbu. Waridi halikushitakiwa kosa hilo hata siku moja.

Miaka ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, ilizidi kuwabana watu wa upande ule. Wakikuyu wengi walitolewa katika miji yao iliyotawanyika wakakusanywa katika vijiji vyenye ulinzi, na ngwatio haiwezi kustawi mahali ambapo watu hutoka na kuingia kwa saa ya askari. Uhuru ulipofika mwaka 1963 mipaka ya Nairobi ilipanuliwa mpaka ikawa na eneo la kilomita za mraba 690 hivi, na Dagoretti pamoja na Kawangware zikaingia mjini. Wenye mashamba madogo waliona faida ya kujenga vyumba vya kupangisha kuliko kupanda viazi. Wafanya kazi wa nyumbani, makuli wa majengo na wachuuzi walikuja kwa mamia, na basi namba 46 lilipata kazi ya kutosha. Kituo chake kikapata hata jina la namba hiyo, na watu husema tu, "Nashuka Forty-Six." Kwale hakuaga.

Kibera nayo ilipunguzwa kipande kwa kipande. Mitaa ya Woodley, Jamhuri, Otiende, Ngei, Ayany na Olympic ilijengwa juu ya ile hifadhi ya zamani, na katika ardhi iliyobaki wakaja watu kutoka pande zote za Kenya, wakapanga vyumba vilivyojengwa na Wanubi na wengine. Huo ndio mwanzo wa Kibera ijulikanayo na magazeti.

Jambo moja jema la miaka hiyo lastahili kutajwa. Mwaka 1969 Mzee Jomo Kenyatta alifungua bustani ya Uhuru Park katikati ya mji, na kwa mara ya kwanza mtu wa Kibera au wa Kawangware alikuwa na jani ambalo hakuna wa kumwuliza amefuata nini. Alivaa vizuri, akawachukua watoto, akapigwa picha mbele ya ziwa dogo lenye mashua za kukodi. Picha hizo zimo katika albamu za familia nyingi. Basi ilipopangwa mwaka 1989 kwamba jengo refu la orofa 60 lisimame ndani ya bustani ile, Profesa Wangari Maathai, aliyekuwa ameanzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani mwaka 1977, aliandika barua baada ya barua kulipinga. Alitukanwa bungeni, akafukuzwa katika ofisi zake, jengo halikujengwa. Wengine wameitaja habari hiyo kuwa ya siasa, wengine ya mazingira. Mimi naiona pia kuwa habari ya mandari. Mwenye ua lake nyuma ya nyumba hapotezi kitu bustani ya watu wote ikijengwa. Anayepoteza ni yule ambaye chumba chake ni cha futi kumi kwa kumi.

Bwawa lilipatwa na mambo mengine. Kwa kuwa Kibera haikupewa mifereji ya maji machafu wala magari ya taka, uchafu ulifuata mto, na mto ukaupeleka bwawani. Katika miaka ya 1990 magugu maji yalifunika uso wa maji, mashua zikaondolewa, na bwawa likaanza kujaa tope. Kisha likatokea jambo ambalo wapangaji wa mji hawakulichora katika ramani yoyote: palipokuwa na matanga pakaota nduma. Watu wa Kibera waliingia na majembe katika tope lililokauka, wakapanda nduma, miwa na sukuma wiki. Wataalamu wamewaonya, nao wana haki, maana mboga iliyokunywa maji ya taka yaweza kumletea mlaji maradhi na madini yenye sumu. Lakini ni vigumu kutowastaajabia watu ambao, walipoachiwa jalala, waliona shamba.

Fundisho la magunia lilikuja kwa njia ya msiba. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ghasia ziliwaka. Soko la Toi, ambalo Kibera yote ililitegemea, liliteketezwa, reli ikang'olewa, na bei ya chakula ikapanda. Mwaka 2008 shirika la Kifaransa la Solidarités lilianza kuwasaidia watu wa Kibera kulima ndani ya magunia. Mbinu yenyewe ni rahisi. Gunia husimamishwa, na katikati yake huwekwa mkopo wa bati usio na kitako, uliojazwa kokoto. Udongo uliochanganywa na samadi hujazwa kuuzunguka, kisha mkopo huvutwa juu na kujazwa tena, mpaka gunia likawa na nguzo ya mawe katikati toka chini hadi juu. Nguzo hiyo ndiyo mto wa gunia: maji yamwagwapo juu huteremka nayo na kufika pande zote. Ubavuni hutobolewa matundu, na katika kila tundu hutiwa mche wa sukuma wiki au spinachi. Vitunguu na dania hukaa juu. Gunia moja laweza kuchukua miche 40 au zaidi, nalo halihitaji ardhi ipitayo ukubwa wa kiti.

Jina la mboga yenyewe, sukuma wiki, ni historia fupi ya mshahara wa Nairobi: fedha imekwisha Jumatano, na mboga itaisukuma wiki mpaka siku ya malipo. Katika mwaka huo wa 2008, vijana wa Kibera walisafisha jalala moja, wakaondoa tabaka juu ya tabaka la taka, wakapanda mboga na alizeti. Baadhi yao walikuwa wamewahi kuishi kwa wizi. Walipoulizwa na waandishi wa magazeti walieleza habari ya mauzo. Lakini atazamaye picha zao za siku hizo huona kwamba wamekaa pamoja kandokando ya matuta, wamechoka, na wanacheka. Hiyo ni ngwatio, ingawa wengi wao hawakuzaliwa katika lugha yenye neno hilo.

Hivi ndivyo ilivyo Jumamosi ya likizo ya Desemba katika ploti nyingi za sehemu hizi mbili. Wanawake hutoa mitungi, wakamwagilia magunia kwa maji yaliyokwisha kuoshea mchele, kwa kuwa maji hununuliwa kwa mtungi na hayatupwi. Mtu hukata sukuma ya jirani akaacha nyanya badala yake. Jiko la makaa hutolewa uani, chapati hupikwa kwa ajili ya mkoba wa kesho. Na kesho yake, baada ya kanisa, kundi hutoka Kawangware kwa miguu, kupitia Lavington, kwenda Arboretum, mwendo unaozidi saa moja. Babu wa mmoja wao yamkini alipita njia hiyo hiyo, kwa sababu nyingine. Chini ya ile miti iliyopandwa kwa ajili ya tumbo la garimoshi hutandikwa leso, chai hutoka katika chupa, na tumbili hujaribu bahati yao. Wale wa Kibera wana Msitu wa Barabara ya Ngong karibu zaidi, masalio ya kibra ya wazee.

Serikali nayo imebadilika, polepole. Sheria ya mwaka 2015 ya Kaunti ya Nairobi ilikiri kwamba kilimo cha mjini si kosa, bali ni jambo la kuongozwa. Mwezi wa Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi Wanubi wa Kibera hati ya kumiliki ekari 288, karibu karne nzima baada ya zile 4,197 kutangazwa. Mwanafunzi apendaye hesabu na atafute mwenyewe sehemu hiyo ni ngapi katika mia. Tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa siku ya mapumziko ili watu wapande miti, na mwaka 2024 sikukuu ya tarehe 10 Oktoba ikaitwa Siku ya Mazingira. Hivyo sheria imefika pale ilipokuwa ngwatio: siku ya kupumzika, na jembe mkononi.

Mpangaji wa Kibera au Kawangware huusikia mwito huo wa kupanda miti akiwa mlangoni pake, naye hutazama pembeni akitafuta mahali pa kuupanda. Mti hudumu miaka, na kodi ya chumba hulipwa kwa mwezi. Mwezi wa Julai 2018 nyumba nyingi za Kibera zilibomolewa ili ipite barabara ya kuunganisha Barabara ya Ngong na ile ya Lang'ata, na waliokuwa na magunia walikuwa na saa chache za kuchagua cha kubeba. Gunia lililojaa udongo uliolowa ni zito mno kwa mtu mmoja. Anayehama huchuma majani yaliyokomaa, hung'oa miche na kuifunga kwa gazeti lililoloweshwa, na udongo humwachia jirani.